Mjadala: Mwajiri ana haki ya kutulazimisha kuchanjwa homa ya mafua?

Mleta mada: Wakuu, kazini kwetu umebandikwa waraka: kila mmoja achanjwe homa ya mafua kabla msimu haujaanza, asiyetaka aandike sababu. Naunga mkono. Shirika la Afya Duniani linakadiria ugonjwa huu unaua watu 290,000 hadi 650,000 kwa mwaka. Na nimechoka na wanaojifanya wagonjwa ili walale nyumbani.

Fundi Mitambo: "Wanaojifanya"? Mwaka jana nililazwa siku sita, kifua kimebana, mke wangu ameshaanza kuwapigia ndugu. Niliporudi msimamizi akaniuliza kama kamasi zimekauka. Futa hiyo kauli kwanza, ndipo tuzungumze chanjo.

Mzee wa Hoja: Pole Fundi. Ila sindano yenyewe siiamini. Nilichoma, kesho yake nikapata homa. Na kule Marekani miaka ya 70 si walichanja watu wakapooza?

Muuguzi wa Usiku: Mzee wangu, virusi vya kwenye sindano vimeuawa, au ni vipande tu. Haviwezi kukuambukiza. Homa ya siku moja ni mwili kuitikia chanjo, na kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, kwa hiyo ukiambukizwa katikati hapo utaugua tu. Hilo la Marekani ni la 1976: walichanjwa watu kama milioni 45, na ugonjwa wa Guillain-Barré, yaani huo wa kupooza, ukaongezeka kwa takriban mtu 1 katika kila 100,000. Walisitisha kweli, sikatai. Lakini mimi ndiye ninayewageuza kitandani wagonjwa wa kisukari na pumu wakipata homa hii.

Mzee wa Hoja: Mbona basi kila mwaka sindano mpya?

Muuguzi wa Usiku: Virusi hubadilika. Wataalamu hukaa mara mbili kwa mwaka kuchagua aina za kuwekwa kwenye chanjo. Wakipatia, hatari ya kuugua hadi kufika kwa daktari hupungua kwa asilimia 40 hadi 60.

Mzee wa Hoja: Asilimia 40! Kwa hiyo kibarua changu kiote nyasi?

Mama Pacha: Nani kataja kufukuzwa? Waraka unasema uandike sababu. Mimi nilichanjwa nikiwa na mimba, maana mtoto hachanjwi kabla ya miezi 6, kinga anaipata kwa mama. Kilichonitisha ni mwenzangu wa meza ya jirani: alikuja anatetemeka, akatukoholea kutwa nzima. Asipokuja, halipwi.

Fundi Mitambo: Hapo umenena dada. Kwetu siku tatu za kwanza za kuugua ni zako mwenyewe. Halafu wanashangaa homa inazunguka idara nzima! Walipe siku za ugonjwa, sindano nitakuwa wa kwanza kupanga foleni.

Mleta mada: Tunahama mada. Swali ni haki ya mwajiri.

Mama Pacha: Hatujahama. Waraka wenu unasemaje kuhusu siku za kuugua?

Mleta mada: Nimeusoma tena. Hausemi kitu.

Muuguzi wa Usiku: Na nani anagharamia chanjo?

Mleta mada: Hilo nalo halimo. Kesho nitauliza.

Mzee wa Hoja: Uliza na kama sababu nitakayoandika itasomwa na daktari au na msimamizi. Mambo ya mwili wangu sitaki yakae kwenye faili lake.

Fundi Mitambo: Mleta mada, kauli yako bado iko pale juu.