Wakuu, mfumo wa kutafuta nyaraka ofisini unaniletea vitu sivyo. Nifanyeje?

Habari za jioni wakuu. Nipo masjala, ofisi moja hapa Mtumba. Tangu majalada yaingizwe kwenye kompyuta, bosi akitaka waraka anautaka sasa hivi. Leo kaulizia waraka wa posho ya safari. Nikaandika "waraka posho safari", yakaja majibu zaidi ya mia nne, la kwanza kabisa tangazo la kikao, nusu ukurasa! Waraka wenyewe nimeukuta kabatini, karatasi. Huu mfumo unapanga kwa kigezo gani? Natanguliza shukrani.

Zabibu Chachu: Mkuu, hausomi maana, unapima maneno. Neno adimu kwenye nyaraka zenu linapewa uzito, lililotapakaa kila mahali linashushwa. Wazo hilo Karen Spärck Jones, mtaalamu wa kompyuta wa Uingereza, alilitoa mwaka 1972, na injini nyingi za utafutaji bado zinalitumia. Sasa posho na safari, ofisi gani ya serikali hayajajaa? Tena andiko fupi hupendelewa: neno likitokea mara moja kwenye nusu ukurasa linaonekana zito kuliko likizama kwenye kurasa thelathini. Tafuta kwa Kumb. Na., iweke ndani ya alama za nukuu, halafu chuja kwa mwaka.

Dada wa Kikuyu: Na Kiswahili chetu kinaponza. Mifumo mingi imefundishwa kukata mikia ya maneno ya Kiingereza, yetu yanabadilika kichwani. Ukiandika kibali, vibali havitokei. Hata ukiweka kinyota mwishoni, kile cha kusimama badala ya herufi zozote, mtumish* haileti watumishi. Mimi naandika umoja na wingi, katikati naweka OR (yaani "au") kwa herufi kubwa.

Mleta uzi: Nimejaribu Kumb. Na., hola.

Fundi Chang'ombe: Huo waraka uliskaniwa? Kama ni picha tu na haukupitishwa kwenye programu ya kutambua maandishi, mfumo hauoni humo hata neno moja. Unabaki na jina la faili tu.

Mleta uzi: Mungu wangu. Kweli umo! Unaitwa "scan_0032". Na wenzake wamejipanga hivyohivyo.

Fundi Chang'ombe: Ndo hapo sasa. Anza kubadili majina: Kumb. Na., kisha maneno ya kwenye Yah:, kisha mwaka. Na watu wa TEHAMA wawashe hiyo programu.

Mleta uzi: Asante mkuu. Na yale majalada yaliyoletwa kwa malori kutoka Dar je?

Zabibu Chachu: Hayo agiza soda kwanza, ukae.