Posho kwanza, hesabu baadaye: waliopitia, tupeane uzoefu

Mpima_Mwamba (mleta uzi): Wakuu, niko kaskazini mwa Uingereza kimasomo. Nasoma habari za migodi ya madini ya risasi (lead) ya Weardale na Alston Moor miaka ya 1700, nimekumbuka maduara (mashimo ya dhahabu) ya kwetu Geita. Mshahara hakuna. Kila robo mwaka kundi la watu wanne mpaka wanane linapatana bei na wakala wa kampuni: kwa bing, kipimo chao cha mawe safi ya madini (karibu kilo 400), au kwa pima (urefu) wakitoboa mwamba mtupu. Mwamba ukinona, wakala anashusha bei. Kula yao ni posho ya mkopo. Hesabu ikifika wanakatwa posho, mishumaa, baruti, kunoa vyuma, kuosha mawe. Wapo waliotoka na deni. Nani yamemkuta?

Mama_Lishe_Machimbo: Mimi ndiye mwenye daftari. Wanakula kwa maandishi, duara likikauka wanahama usiku.

Mpima_Mwamba: Mama, na huku wenye maduka walikopesha hivyo hivyo wakisubiri siku ya malipo.

Kijana_wa_Duara: Mleta uzi umenitonesha. Tulishuka na mfadhili mmoja, anatulisha, analeta dizeli ya pampu na matimba (magogo ya kuegemeza shimo). Tumepiga mwamba mtupu mpaka wenzetu wakakimbia. Siku tumeshika jiwe lenye dhahabu, usiku huohuo kukawa na walinzi wapya mlangoni. Asubuhi tunasomewa gharama: dizeli, unga, matimba, hadi panadol. Mifuko ikagawanywa, sisi tukabaki na vumbi. Mwenzetu mmoja akashuka chini akagoma kutoka, anasema atalala na mawe yake.

Shangazi_Tabata: Ehee! Akatoka?

Sina_Ngonjera: Acheni kulia. Hao wa Weardale walikuwa makandarasi, hakuna nyapara wa kuwafokea. Ukipatana bei vizuri halafu mwamba ukafunguka, umeula.

Baruti_Mbichi: Umeula robo moja! Robo inayofuata wakala ameshaona, bei chini. Halafu baruti unakatwa na huyohuyo anayechukua mawe yako. Ukandarasi gani huo?

Sina_Ngonjera: Nani alimlazimisha?

Baruti_Mbichi: Njaa, mzee.

Mzee_Kipara: Derbyshire, hukohuko Uingereza, ilikuwa afadhali. Ukigundua mkanda wa madini, mahakama ya wachimbaji inakupa haki ya kuuchimba, mfalme au mwenye haki ya ushuru wa madini anachukua sahani (kipimo cha mawe) moja kati ya 13.

Baruti_Mbichi: Na kanisa nalo lilidai zaka humohumo. Sema yote, mzee.

Shangazi_Tabata: Jamani, yule aliyegoma kutoka!

Mama_Lishe_Machimbo: Ushauri wangu: daftari liwe mawili, moja lako moja la bosi.

Sina_Ngonjera: La pili andika kwa penseli 😂

Mzee_Kipara: Msikubali posho kabisa.

Mama_Lishe_Machimbo: Ale nini sasa? Mawe?

Kijana_wa_Duara: Shangazi, alitoka kesho yake, kiu. Wakamuongezea gharama ya walinzi.