Naomba ushauri: bao la kuotea limetutoa kwenye mashindano, barua ya rufaa iandikweje?

Jukwaa la Jua
Habari za jioni wakuu. Timu yetu ya mtaa huku Temeke imetolewa jana kwenye robo fainali. Tulikuwa tunaongoza 1-0 mpaka dakika ya 88, wapinzani wakasawazisha kwa bao ambalo kila mtu uwanjani aliona ni la kuotea. Mfungaji alikuwa peke yake, hatua tatu au nne nyuma ya beki wetu wa mwisho. Kibendera kimya, refa akaonyesha kati. Tukaenda kwenye matuta tukatolewa 4-3.
Pia kipa wao alionyeshwa njano mbili na hakutolewa. Nataka na hilo liingie kwenye barua.
Rufaa mwisho kesho saa kumi jioni, ada 150,000. Mimi ni shabiki tu, nilikuwa jukwaani, ila tangu jana sijalala. Mwenye uzoefu anisaidie maneno ya barua, yawe makali lakini ya heshima.

Mzee wa Kanuni
Pole sana mkuu. Kabla ya barua nijibu matatu. Mpira ulimfikia mfungaji kutoka wapi? Nani aliugusa wa mwisho kabla yake? Na njano mbili za kipa zilitolewa dakika ya ngapi na ya ngapi? Kamati itakuuliza hayohayo, na usipokuwa na majibu barua haifiki hata ukurasa wa pili.

Namba Sita
Mimi naliona tofauti. Timu inaongoza, zimebaki dakika mbili, mtu anapataje kuwa peke yake nyuma ya mabeki? Kiungo mkabaji wenu alikuwa wapi? Dakika kama hizo kazi yake si kupiga pasi, ni kusimama mbele ya mabeki wa kati na kufunga njia ya kumfikia straika. Tuambie nani alikuwa anacheza sita.

Jukwaa la Jua
Namba sita alitolewa dakika ya 76, akaingia beki wa tatu wa kati ili tulinde bao. Yalikuwa mabadiliko sahihi kabisa, naomba tusiyaguse. Mpira ulitoka upande wao wa kulia. Njano ya kwanza ya kipa ni dakika ya 60, alikuwa anabishana na refa. Ya pili alipewa kwenye matuta kwa kutoka mstarini mapema.

Kibendera
Hoja ya kipa ifute leo hiihii. Tangu sheria za msimu wa 2022/23, maonyo na njano za ndani ya mchezo hazihamii kwenye matuta. Njano ya dakika ya 60 ilibaki kwenye dakika zake. Ile ya matuta inahesabika kama ya kwanza, kwa hiyo alistahili kubaki langoni. Angetolewa tu kama angepata mbili ndani ya matuta yenyewe, au nyekundu ya moja kwa moja.
Na refa wenu inaonekana alifuata hatua zote. Mpira unapopigwa, kipa awe na japo sehemu ya mguu mmoja juu ya mstari wa goli, usawa wake au nyuma yake. Akitoka mapema akadaka, tuta linarudiwa na kosa la kwanza anaonywa kwa mdomo. Akirudia ndipo njano inatoka. Ila mpigaji akipaisha au akigonga mwamba, na kipa hakumvuruga, halirudiwi.

Mdau wa Tandika
"Upande wao wa kulia" maana yake nini mkuu? Krosi? Kona? Pasi? Mbona hapo unapita haraka? Kama kuna video ya simu, mwenye simu alisimama wapi? Kuotea hakuonekani ukiwa nyuma ya goli. Kamera iwe usawa wa beki wa pili kutoka mwisho. Ikisogea pembeni mita tano tu, mchezaji aliye sawa na beki utamwona kama yuko mbele yake.

Jukwaa la Jua
Video ipo, ya nyuma ya goli. Mpira ulikuwa wa kurusha. Lakini si kurusha kwa kawaida, yule kijana anarusha mbali kama anapiga krosi, ulitua ndani ya 18. Na kibendera alimwambia namba tatu wetu, beki wa kushoto, kwa sauti ya chini "hapa hakuna kuotea", kama mtu aliyejipanga tangu nyumbani. Hiyo si hujuma?

Mzee wa Kanuni
Sasa tumefika. Mkuu, Sheria ya 11 inataja mipira mitatu ambayo anayeipokea moja kwa moja hahesabiwi kuotea: goli kiki, kona na mpira wa kurusha. Haijalishi umerushwa mita tano au thelathini. Kibendera hakujipanga, alimsomea beki wenu sheria. Angepandisha bendera, wapinzani ndio wangekuwa wanaandika rufaa leo, tena yenye nguvu.
Kama aliyefunga aliupokea moja kwa moja kutoka mikononi mwa mrushaji, bao ni halali.

Jukwaa la Jua
Haukwenda moja kwa moja. Straika wao aliruka mbele, uligusa nywele zake ndipo ukamfikia mfungaji. Wenzangu watatu wameona hivyo.

Mzee wa Kanuni
Basi tuseme uliguswa. Mwenzake akiugusa, kuotea kunaanza kuhesabiwa upya kutoka mguso huo, na mfungaji alikuwa ameotea. Lakini hapo swali limekuwa "uliguswa au haukuguswa?" Hilo ni tukio la mchezo, na Sheria ya 5 inasema uamuzi wa refa kuhusu matukio ya mchezo ni wa mwisho, ikiwemo kama bao limeingia na matokeo ya mechi. Refa aliona haukuguswa, basi.
Iangalie mwenyewe. Haukuguswa, bao safi. Uliguswa, ni kosa la macho na halikatiwi rufaa. Njia zote mbili zinaishia kwenye kupoteza 150,000 yenu.

Jukwaa la Jua
Mbona FIFA walirudisha mechi ya Afrika Kusini na Senegal? Refa alitoa penalti ya mkono wakati mpira uligonga goti la Koulibaly, beki wa Senegal. Hilo halikuwa kosa la macho? Kwa wakubwa inawezekana, kwetu wa mtaani haiwezekani?

Mzee wa Kanuni
Ile ya Novemba 2016 ilirudiwa kwa sababu refa alipatikana na hatia ya kupanga matokeo na akafungiwa maisha. Senegal wakashinda 2-0 iliporudiwa Novemba 2017. Una ushahidi wa namna hiyo? Kama huna, usiliandike hata kwa fumbo. Tuhuma isiyo na ushahidi inakugeuza wewe kuwa mshtakiwa.
Mlango mwingine ni refa kukosea sheria yenyewe, si kukosea kuona. Mfano wake ni Uzbekistan na Bahrain, Septemba 2005, kufuzu Kombe la Dunia. Uzbekistan walifunga penalti, mwenzao akawa ameingia ndani ya 18 kabla haijapigwa. Sheria ilitaka irudiwe. Refa akawapa Bahrain mpira wa adhabu. Uzbekistan walikuwa wameshinda 1-0 lakini walikata rufaa wakitaka wapewe 3-0. FIFA ikafuta matokeo na kuamuru mechi irudiwe. Ikaisha 1-1, ya marudiano Bahrain ikawa 0-0, na Bahrain wakapita kwa bao la ugenini. Waliokata rufaa ndio waliotoka.
Mlango wa tatu ni mchezaji asiyestahili kucheza. Afrika Kusini walimchezesha Teboho Mokoena dhidi ya Lesotho Machi 2025 akiwa na njano mbili za mechi tofauti. Septemba wakanyang'anywa pointi na Lesotho wakapewa ushindi wa 3-0. Kagueni fomu ya mchezo, majina, leseni, orodha ya njano za raundi zilizopita. Kukiwa na kitu, mna rufaa. Kusipokuwa na kitu, hamna.

Bi Shughuli
Mwanangu, mimi nauliza hiyo ada. Ni ya nani? Ukisema "yetu" nasikia harufu ya mchango.

Jukwaa la Jua
Imeshachangwa mama. Watu 60, kila mmoja 2,500. Ndiyo maana siwezi kurudi nyuma, wananisubiri mimi. Mtaa wote unajua rufaa inaenda.

Bi Shughuli
Walichanga wakijua ni mpira wa kurusha, au waliambiwa "bao la kuotea" kama ulivyotuambia sisi?

Mdau wa Tandika
Wakuu, mimi uzi huu naanza kuutilia shaka. Anasema alikuwa jukwaani. Halafu amesikia maneno ambayo kibendera alimwambia beki kwa sauti ya chini. Jukwaani na kelele za dakika ya 88 utasikiaje? Hata dakika ya kutolewa namba sita anaikumbuka, 76, na hataki iguswe. Ama hadithi imetungwa, ama huyu si shabiki.

Namba Sita
Kweli. Kibendera namba moja hukimbia upande wa mabenchi. Anayeweza kumsikia ni aliyekaa benchi.

Kibendera
Na mimi nina swali. Kwenye kurusha, mabeki watatu wote waliachaje mtu hatua nne nyuma yao? Mmoja kusahau naelewa. Wote watatu kwa pamoja ni maelekezo.

Mdau wa Tandika
Ametoweka saa nzima. Uzi wa kutunga huu, tusipoteze muda.

Jukwaa la Jua
Sijatunga. Mimi ni kocha msaidizi. Nilikuwa benchi.
Mabeki nawafundisha mimi. Wiki mbili tumefanya mazoezi ya mtego wa kuotea, yaani mabeki wapande mbele kwa pamoja ili straika abaki ameotea, na ulitufaa sana raundi iliyopita. Mrushaji aliposhika mpira niliwapigia kelele wapande, wakapanda wote. Namba tatu alisita akaniangalia, nikamrudia "panda". Sikuwa najua kurusha ni tofauti. Kocha mkuu anajua mpango ulikuwa wangu, mashabiki bado hawajui. Rufaa ikikubaliwa yote yanakwisha. Lakini mtego wenyewe si mbaya, timu kubwa zote zinautumia, hata mipira ya kurusha nimeona mabeki wao wanapanda.

Kibendera
Asante kwa kusema. Mabeki uliowaona wanapanda, wanapanda baada ya mguso wa pili, wa kwanza ukiwa wa mrushaji. Mpira ukirushwa kwa mtu akaurudisha nyuma kwa mrushaji, hapo ndipo mstari unasogea mita nne au tano mbele, kwa sababu kuotea kumeshaanza kuhesabiwa. Mpira ukiwa bado mikononi mwa mrushaji, kupanda ni kumfungulia mlango.

Namba Sita
Sasa twende kwenye mpira wenyewe, maana hapa ndipo mechi ilipotea. Mtu mmoja wao akiwa nje anarusha, uwanjani wamebaki tisa ukimtoa kipa. Nyinyi mko kumi. Mna mtu wa ziada, na nyinyi mlimpandisha pamoja na wengine.
Kwa kurusha kwa upande wa kulia wao, mita 25 kutoka mstari wenu wa goli, wapange hivi. Namba tatu asimame mita mbili kutoka pale mrushaji alipo, ndiyo umbali wa chini kisheria, na mrushaji akiingia uwanjani ni mtu wake, maana mrushaji ndiye husahaulika. Namba sita mbele ya straika wao mrefu, beki wa kati mmoja mgongoni kwake, abanwe pande zote. Beki wa kati mwingine mita tano au sita nyuma yao, hana mtu, anasubiri mpira utakaopita kichwani. Huyo ndiye mtu wa ziada. Kipa asigande mstarini, atoke mita nne hivi.
Mlipomtoa namba sita na kuongeza beki, mbele ya straika hakubaki mtu. Kama nywele ziliguswa, ni kwa sababu hakukuwa na wa kuruka mbele yake. Beki wa tatu hawezi kufanya kazi hiyo kama mmemwambia akae kwenye mstari na wenzake.

Jukwaa la Jua
Namba sita alikuwa amechoka, misuli ilianza kumkaza.

Namba Sita
Sawa, atoke. Lakini anayeingia apewe nafasi ile ile, hata kama ni beki kwa jina.

Mzee wa Kanuni
Na mtego wenyewe uwe na sauti moja. Mabeki watatu na wewe benchi ni sauti nne. Beki wa kati wa katikati ndiye aseme "panda", basi. Mazoezini tenga dakika 15: mrushaji, washambuliaji watatu, mabeki wanne, namba sita na kipa. Rusha mara kumi kila upande. Kanuni iwe moja tu, hakuna kupanda mpaka mpira uguswe mara ya pili. Akipanda mmoja mapema, mnasimama na kurudia.

Bi Shughuli
Hayo ya mazoezi mazuri. Orodha ya waliochanga iko kwa nani?

Jukwaa la Jua
Iko kwangu mama, na fedha ninazo zote. Fomu ya mchezo naenda kuikagua kesho asubuhi kwa kamisaa wa mechi, kama Mzee wa Kanuni alivyosema. Nisipokuta kitu, siipeleki barua. Ninachoogopa ni kusimama kijiweni na kusema mpango ulikuwa wangu.

Bi Shughuli
Anza na namba tatu. Yule mtoto alisita, ukamrudia "panda", na leo mtaa mzima unamlaumu yeye.

Jukwaa la Jua
Kweli, jana alitukanwa mpaka anafika kwao. Anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Naenda sasa hivi.