Gekokujo ya Warband au Shogun 2: nianze na ipi?

Kipandagio
Wakuu, salaam. Mchezo wa kompyuta wa Mount & Blade: Warband, ule wa kawaida, nimeshaumaliza mara mbili, na wapanda farasi wa Swadia, ufalme mmoja humo, wamenikinai. Sasa nataka Japani ya enzi za samurai. Nipakue Gekokujo, modi (nyongeza ya mashabiki inayoubadilisha mchezo) juu ya Warband niliyo nayo, au ninunue mchezo wa Total War: Shogun 2? Laptopu yangu ni ya zamani, RAM GB 4, feni ikianza kulia hata jirani anajua nacheza. Karibuni.

MchinjaJogoo
Shogun 2, usijiulize mara mbili. Ni ya 2011 lakini vita vyake bado vinapendeza macho. Unaanza 1545, kila zamu ni msimu mmoja, zamu nne mwaka umeisha. Unajenga bandari, unaozesha binti kwa ukoo jirani, unatuma majeshi. Hiyo nyingine ni kijikundi cha watu kinachorushiana mishale shambani.

Bi_Mkunazi
Kaka Mchinja, hicho kijikundi ndiyo raha yenyewe. Shogun 2 unatazama vita kutoka juu kama mwewe. Gekokujo upo chini, kwenye vumbi. Inaanza 1568, mwaka ambao mbabe wa vita Oda Nobunaga aliingia Kyoto na kumsimika Ashikaga Yoshiaki kuwa shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani. Wewe huna mbele wala nyuma. Unapita vijijini kutafuta vijana wa kukufuata, unamtumikia bwana wa ukoo fulani, halafu siku moja unamgeuka. Ndiyo maana ya jina lenyewe: wa chini kumpindua wa juu.

Ila jiandae na jambo moja. Kwenye Warband ulizoea kushikilia kitufe cha kulia cha kipanya, ngao inamaliza kazi. Samurai wa enzi hizo hawakuenda vitani na ngao mkononi. Ukiwa na upanga wa mikono miwili lazima ukinge upande uleule pigo linakotokea, na mshale ndio haukingiki kabisa. Vita yangu ya kwanza niliangushwa kabla sijaona sura ya adui.

Pweza_wa_Kilindini
Na magobore hamyataji? Wareno waliyafikisha kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543. Wareno walewale walioichoma Mombasa yetu 1505, hawakutulia hao. Gobore likikupata umekwisha, lakini kulishindilia tena ni kazi. Kwa hiyo wapiga gobore wapandishe kilimani, bonyeza 2 kuchagua kundi lao kisha F1 mara mbili wasibanduke, wenye mikuki wakae mbele yao. Ukiwapa wote F1 na F3, amri ya kushambulia, watatimka kama kuku walioona mwewe.

MchinjaJogoo
Haya, na mimi niseme kasoro ya kwangu. Ukishakuwa mkubwa kwenye Shogun 2, shogun anakutangaza adui na koo karibu zote zinakugeukia, hata mkwe wako. Mara ya kwanza nilizima kompyuta nikaenda kulala.

FundiWaMtaani
Mnabishana utamu, mashine ya mwenzenu hamjaiuliza. Shogun 2 inataka nafasi ya GB 20 au zaidi, fikiria bando. Kwa laptopu hiyo itajikokota. Warband ni ya 2010, haina makuu. Gekokujo ukishaipakua, fungua kifurushi, folda yake itie ndani ya folda ya Warband iitwayo Modules, kisha chagua jina kwenye dirisha la mwanzo kabla hujaanza kucheza. Angalia usiwe na folda ndani ya folda yenye jina lilelile, wengi wanakwama hapo halafu wanasema modi ni mbovu.

Ipo pia modi ya Shokuho ya Bannerlord, mchezo uliofuata Warband; jina limeunganishwa kutoka herufi za kwanza za koo za Oda na Toyotomi, zikisomwa kivingine. Kwa RAM yako, isahau.

Bi_Mkunazi
Shogun 2 iligawiwa bure Steam, duka la michezo la mtandaoni, kwa siku chache mwaka 2020. Niliichukua. Mpaka leo sijamaliza kampeni hata moja.

Kipandagio (siku tatu baadaye)
Mrejesho wakuu. Nimeingia Gekokujo. Nilikusanya vijana 23, nikapanda farasi, nikavamia mstari wa mikuki ya ukoo wa Takeda kama nilivyozoea nikiwa Swadia. Farasi alisimama wima, mikuki minne ikanipokea, nikaamka mateka. Nimetoka kifungoni bila farasi, nimebaki na watu wawili na upinde. Feni haijalia, lakini. Pweza, hao wapiga gobore nawapata kwa ukoo gani?