Clemente wa 1971: bora mkunjo au picha iliyosogea?

Baba Naila: Wakuu naombeni ushauri, niko huku Pittsburgh na natafuta kadi ya mchezaji wa besiboli Roberto Clemente, iliyotolewa na kampuni ya Topps 1971, mwaka ule timu yake ya Pirates walipotwaa ubingwa wa World Series. Muuzaji anazo mbili, bei karibu sawa. Ya kwanza kona kali, kingo nyeusi tititi, ila picha imesogea mno kushoto. Ya pili picha iko katikati kabisa, sema kona zimechoka na kuna kamkunjo juu kulia. Nyie mngebeba ipi?

Mtanga: Mi mkunjo siutaki kabisa. Picha kukaa upande ni kosa la kiwandani, kadi imezaliwa hivyo, lakini mkunjo ni karatasi imevunjika na haiponi tena. Hata ukipeleka PSA, wale wanaopima ubora wa kadi na kuipa namba 1 mpaka 10, mkunjo unaoonekana unakushusha mpaka 4 au chini, kona ziwe kama wembe haisaidii.

Shangazi Kadi: Mtanga hapo nakupinga, inategemea mkunjo uko wapi. Nina kadi ya mchezaji Hank Aaron ya 1956, mkunjo uko nyuma kule kwenye takwimu, nikiiweka kabatini hakuna anayejua. Picha iliyosogea unaiona kila siku! Kinachoniuma mimi ni maandishi ya kalamu usoni na zile zilizobandikwa gundi kwenye albamu halafu zikabanduliwa, karatasi ya nyuma imechunika. Doa la nta ya karatasi ya pakiti mbona dogo, kwa mbele mara nyingi nalifuta taratibu na soksi ya nailoni linatoka.

Otis: Baba Naila ngoja kwanza kaka. Kingo nyeusi tititi kwenye kadi ya 71?? Zile zinachubuka hata ukizigusa tu, weupe unatokea. Iangalie ubavuni kwenye taa kali, pale panatakiwa pawe na rangi ya karatasi, ukiona weusi umeingia basi mtu kapaka maka pen. Halafu ilaze juu ya kadi yoyote ya mwaka huo huo, ikiwa ndogo basi mtu kaikata kingo ili kona zionekane kali. Kwangu hilo ndo kosa baya kuliko yote, mkunjo unajionyesha lakini kukatwa kunafichwa, na wapimaji hawaipi namba. Hata ile nakala maarufu ya Honus Wagner wa seti ya zamani ya T206, kadi maarufu kuliko zote, mnadishaji wa kadi Bill Mastro alikiri 2013 kwamba aliikata.

Baba Naila: Otis Mungu akubariki. Leo nimeenda na kadi yangu ya kawaida ya 71, nimezipanga pamoja, ile ya kona kali upana wake umepungua karibu milimita nzima na ubavuni wino umenywewa na karatasi. Kumbe picha haikusogea, ni ukingo wa kushoto ndo umekatwa! Nimemwonyesha muuzaji akanyamaza tu. Nimechukua yenye mkunjo. Ukiigeuza kwenye mwanga wa dirisha unaona kamstari kembamba kama unywele, ukiishika wima kanapotea.

Mtanga: Hiyo hata mimi ningebeba. Weka picha tuione.