Hatua ya kwanza lakini daraja la 3: nisaidieni kuelewa majibu ya baba

Binti wa Kondoa:
Wakuu, habari za jioni. Niko Area C, Dodoma. Baba yangu, fundi seremala, ana miaka 64. Alipasuliwa pafu la kulia: uvimbe sentimita 2.1, tezi za limfu safi. Tukaambiwa saratani hatua ya kwanza, mama akachinja kuku. Jana nimechukua karatasi ya maabara: "Adenokasinoma, asina 60%, mikropapilari 25%, lepidiki 15%, daraja la 3." Ya kwanza na ya tatu zinakaaje kwa mtu mmoja? Mzee ananiuliza kila nikitoka kazini, nami namzungusha tu.

Fundi Darubini, Kizota:
Pole kwa kuuguza, dada. Mimi niko maabara, vinyama kama hivyo napita navyo kila siku. Hatua ni ugonjwa umefika wapi. Daraja ni seli zimejipangaje. Adenokasinoma ni saratani inayoanzia kwenye seli za tezi, na yale majina mengine ni mipangilio ya seli zake.

Lepidiki hutambaa juu ya kuta za vifuko vya hewa bila kuzibomoa, kama mtu anayekandika udongo kwenye tembe: nyumba bado imesimama. Hiyo ndiyo yenye matumaini makubwa. Asina (seli zimejipanga kama vitezi vidogo) na papilari (kama vidole) ziko katikati. Mikropapilari ni vishada vidogo vya seli vinavyoelea peke yao. Hiyo na solidi, ambapo seli zimeshonana tu, ndizo zenye tabia ya kurudi. Kwa utaratibu wa kimataifa wa 2020, mpangilio mbaya ukifika 20% ni daraja la 3, hata kama asina ndiyo nyingi. Mzee ana 25.

Tazama pia kama wameandika seli za saratani kuonekana kwenye vifuko vya hewa nje ya uvimbe. Hilo huwa na uzito zaidi kwa aliyekatwa kipande kidogo tu cha pafu.

Mama Nkuhungu:
Mwanangu, mume wangu alipigwa sitiskani (CT scan, picha ya ndani ya mwili) kila miezi sita. Tarehe niliziandika ukutani kwa mkaa.

Binti wa Kondoa:
Asante sana kaka, asante mama. Nimeangalia: nje ya uvimbe hazikuonekana, na walitoa sehemu yote ya chini ya pafu. Jioni nimemweleza mzee yote, hata ile 25. Akanyamaza, akaokota kipande cha mninga, akapitisha kidole kwenye nyuzi zake. "Kumbe wanasoma nyuzi," akasema. "Ubao mmoja, nyuzi zinabadilika katikati." Kisha akauliza kliniki ni lini.