Muuzaji yeye, mthamini yeye, mtoa cheti yeye: wapenda michezo wa Tanga tunaliwa mchana kweupe

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nina hasira, asiyetaka kusoma apite kimya kimya. Mods, msinihamishie kwenye jukwaa la matangazo madogo. Siuzi kitu mimi, tumelizwa ukoo mzima.

Hapa Tanga mjini kuna jamaa anauza jezi, mipira na picha zenye saini za wachezaji. Jina lake silitaji wala duka lake, anayemjua keshamjua. Anaanza kukuwinda kwenye status ya WhatsApp, anakumalizia dukani. Kila mzigo wake una "cheti cha uhalisi": karatasi ngumu, mhuri wa rangi ya dhahabu, stika inayometameta, namba ndefu, na chini saini yake yeye mwenyewe, cheo "Mthibitishaji Mkuu". Mkuu wa akina nani? Ofisi nzima ni yeye na feni.

Shemeji yangu kanunua kwake jezi ya Aston Villa yenye saini ya Mbwana Samatta. Laki sita na nusu, taslimu. Cheti kinasema jezi ilivaliwa na Samatta kwenye fainali ya Wembley tarehe 1 Machi 2020, ikasainiwa baada ya mechi.

Hiyo fainali ya Kombe la Ligi nani hapa haikumbuki? Villa walilala 2-1 kwa Manchester City, ila goli la Villa alilitia Samatta kwa kichwa, na Ngamiani hapakulalika. Sasa wakuu, msimu ule wa 2019/20 kifuani mwa jezi ya Villa paliandikwa jina la mdhamini, W88. Jezi ya shemeji imeandikwa Cazoo. Cazoo waliingia kifuani mwa Villa msimu uliofuata, 2020/21, na Septemba 2020 Samatta alishapelekwa Fenerbahçe kwa mkopo. Yaani mtu kavaa jezi kabla haijashonwa, kafungia goli, kaisaini, kisha ikasafiri mpaka kwa huyu bwana.

Nilimpigia simu kwa adabu zote. Jibu lake: "Kaka, wewe unaangalia tangazo. Angalia saini."

Haya, tukaangalia saini. Nilichukua kioo cha kukuzia cha fundi saa nikaifuata herufi kwa herufi. Mtu anayeandika jina lake kila siku mkono unakimbia. Kalamu inatua ikiwa tayari inatembea na inanyanyuka kabla haijasimama, ndiyo maana mistari ya mwanzo na ya mwisho huwa imechongoka. Anayeiga haandiki, anachora. Anaanza taratibu, anasimama kutazama sampuli, anaendelea, anasimama tena. Kwenye karatasi utaona mstari unatetemeka. Kwenye kitambaa hali ni mbaya zaidi, kwa sababu maka peni ikisimama hata kidogo wino unatambaa na kuacha doa. Saini ya shemeji ina madoa kila kona ya herufi, na ncha zote ni butu. Hata mtoto wa darasa la tano angeuliza.

Nikamwomba anioneshe saini alizolinganisha nazo. Ndiyo kazi yenyewe hiyo, hakuna uchawi: unakuwa na saini za mtu ambazo zina uhakika, za kipindi kilekile, unaziweka ubavuni. Za kipindi kilekile nasema, kwa sababu mkono wa mtu hubadilika. Muhammad Ali, yule aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1980 akiwa mjumbe wa Rais Carter, mpaka 1964 alisaini Cassius Clay, baadaye Muhammad Ali, na ugonjwa wa Parkinson ulipomshika saini ikasinyaa na kutetemeka. Anayekuuzia Ali bila kujua hayo anakuuzia wino. Huyu wetu nilipomwuliza sampuli zake ziko wapi, akasema anatumia "uzoefu". Uzoefu wa nini, mgosi, wa kuchapa vyeti?

Hicho cheti ndicho kinachonikera kuliko hata jezi. Watu wakiona karatasi yenye mhuri akili inalala. Cheti ni neno la aliyekiandika, basi. Kama aliyekiandika ndiye anayepokea hela, kina uzito gani?

Na msiseme ni mambo ya huku kwetu tu. Marekani FBI waliendesha operesheni waliyoiita Bullpen, wakavamia kundi la California mwaka 1999. Kulikuwa na mtu anafoji saini, wengine wanasambaza, na wengine kazi yao ni kuandika vyeti. Vyeti vilikuwa sehemu ya biashara, si kinga dhidi yake. Walikisia mali feki za kundi lile zilifika dola milioni 100. Miongoni mwa vilivyokamatwa kulikuwa na mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa, na mimi mpaka leo najiuliza mnunuzi alidhani yule mama alicheza namba ngapi. Mmoja wa waliosaidia kufichua alikuwa mchezaji Tony Gwynn, aliyeona vitu vyenye saini zake ambazo hakuziandika vikiuzwa duka la klabu yake mwenyewe, San Diego Padres. Mwenye saini kaja, kaangalia, kasema hii si yangu. Kuna kipimo gani kinachoshinda hicho?

Baada ya fedheha ile, ligi kuu ya besiboli ilianzisha mwaka 2001 utaratibu ambao shahidi asiyeuza chochote anasimama pale pale mchezaji anaposaini, anaona kwa macho, ndipo anabandika stika yenye namba, na mnunuzi anaiangalia namba kwenye mtandao wa ligi. Zipo pia kampuni za kukagua kama PSA, JSA na Beckett. Nao hukosea, na matapeli huiga stika zao, tena kwa kutumia namba ya kweli ya kitu kingine, kwa hiyo ukiangalia namba angalia na picha kama ni kitu kilekile. Lakini angalau anayekagua si yule anayeuza. Namba ya cheti cha shemeji unaiangalia wapi? Kwenye daftari la huyo huyo.

Kuhusu bei nitasema machache. Alipoulizwa laki sita na nusu kaitoa wapi, alionesha simu: duka fulani la Uingereza limeweka jezi ya Villa yenye saini kwa bei karibu na hiyo. Ile ni bei ya kuomba! Hata mimi naweza kuandika baiskeli yangu milioni kumi. Mthamini wa kweli anatafuta kitu kinachofanana kimeuzwa shilingi ngapi, lini, kwa ushahidi gani. Jezi ya Maradona ya mechi ya England, Mexico 1986, iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's Mei 2022 kwa zaidi ya pauni milioni 7.1. Steve Hodge, mchezaji wa England, alibadilishana na Maradona siku ile ile, na iliwahi kukaa makumbusho miaka mingi. Pamoja na hayo yote, bado familia ya Maradona ilisema ile ni jezi ya kipindi cha kwanza, si ya magoli. Wenye mnada wakaja na picha za mechi, wakalinganisha nembo, mistari na namba kimojakimoja. Kwa pauni milioni saba hakuna aliyesema "uzoefu".

Haya. Yote hayo ningeyameza. Hela ya shemeji ni ya shemeji. Kilichonifanya nifungue uzi ni picha ya shangazi.

Vijana wa juzi mnaweza msijue: mwaka 1988 ubingwa wa Bara ulikaa hapa Tanga. Coastal Union, Wagosi wa Kaya. Simba na Yanga walitazama. (Wana Kimanumanu, yaani watu wa African Sports, msianze, uzi wenu fungueni wenyewe.) Marehemu mume wa shangazi alikuwa karibu na timu ile, akipeleka chakula kambini, na alibaki na picha ya kikosi, nyeusi na nyeupe, nyuma imesainiwa na wachezaji kwa biki ya bluu. Biki kwenye mgongo wa picha inaacha michubuko, ukiinamisha kwenye mwanga unaiona mpaka upande wa mbele.  Picha ilikaa kwenye bahasha, kwenye sanduku la kanga, miaka yote hiyo.

Huyu bwana alipita Makorora, sijui nani alimwelekeza. Akamwambia shangazi: "Mama, hawa hawajulikani nje, picha haina soko, lakini kwa heshima ya marehemu nakupa elfu thelathini." Shangazi ana ada ya mjukuu, akachukua. Hakuuliza mtu, na kwa nini aulize? Kaja mtu msafi, anasalimia vizuri, anajiita mthamini.

Siku chache baadaye picha ipo status: laki nne na nusu. Na cheti. Cheti kinasema picha ilisainiwa "uwanjani Mkwakwani siku ya kukabidhiwa kombe". Uongo! Ilisainiwa kambini, shangazi anakumbuka mpaka chakula cha siku ile. Hata kutunga historia hakukuwa na haja, ya kweli ilikuwepo, angemwuliza tu mama wa watu dakika kumi. Historia ya kitu ni nusu ya thamani yake, na ukishaiandika kwa uongo, atakayegundua uongo mmoja hataamini hata saini.

Nikaenda kuiona. Wakuu, kaipiga lamineshi.

Picha ya miaka ya themanini, karatasi ya picha yenyewe, kaipitisha kwenye mashine ya moto pale stesheneri kama kitambulisho cha kikundi cha vikoba. Gundi imeshashika pande zote mbili, ukibandua unabandua na picha, na wino pia. Halafu saini mbili zilizokuwa zimefifia kazipitia juu kwa kalamu nyeusi "ili mteja azione". Picha hiyo ya shangazi niliwahi kuipiga kwa simu zamani kwa ajili ya grupu la familia, ukiziweka pamoja unaona kabisa herufi zimenenepa. Saini iliyopitiwa juu imekufa. Hakuna mkaguzi popote atakayeipitisha, kwa sababu wino anaouona si wa mchezaji, ni wa muuza duka.

Kwa hiyo hesabu ikoje? Feki ya Samatta kaipandisha mpaka laki sita na nusu. Halali ya Coastal kaishusha mpaka elfu thelathini alipokuwa mnunuzi, akaipandisha mara kumi na tano alipogeuka muuzaji, na katikati hapo akaiharibu. Mizani ni moja, kidole ni chake.

Na kinachouma, hapa mjini uthibitisho haukuhitaji maabara. Waliocheza kikosi kile wengi tunawajua. Juma Mgunda, ambaye nyie mnamjua zaidi kama kocha, alikuwemo. Unawapelekea wenyewe picha, unawauliza: hii ni yako? Nani alikuwepo? Unarekodi kwa simu, unaweka tarehe. Video ya dakika tatu ya mchezaji mwenyewe akitambua saini yake ingekuwa na thamani kuliko mihuri yote ya dhahabu ya yule bwana. Nauli ya bodaboda tu.

Najua wa kwanza kuchangia atasema "nenda polisi". Tunaenda. Kujipatia mali kwa udanganyifu kumo kwenye Kanuni ya Adhabu, na cheti alichokiandika kwa mkono wake ndicho kitakachomsemea: kinataja Wembley, kinataja tarehe, na jezi inamkana. Shemeji ana risiti na ujumbe wote wa WhatsApp, hakufuta kitu. Ugumu upo kwa shangazi, kwa sababu aliuza kwa hiari yake na karatasi hana. Mwanasheria yeyote aliyemo humu aniambie kama kumdanganya mtu kuhusu thamani ya mali yake, ukiwa umejitambulisha kama mthamini, kunatosha kuibatilisha biashara ile.

Kwa jamaa mwenyewe, najua unasoma humu. Ninachotaka ni kifupi. Hela ya shemeji yote, kwa njia ileile uliyoipokea. Picha ya shangazi irudi kama ilivyo, na lamineshi yake, usijaribu kuibandua, usiiguse kabisa! Elfu thelathini zako zipo, zinakusubiri. Na status ile ya "mpira wenye saini ya Pelé, cheti kipo" uliyoiweka jana usiku, weka na picha ya karibu ya saini, mchana, bila filta.

Wengine mlionunua kwake, wekeni vitu vyenu hapa. Nipeni picha ya saini kwa karibu, picha ya cheti chote, na maelezo aliyowapa siku ya kuuza. Za kwetu naziweka bandiko linalofuata, ya W88 na ya Cazoo ubavuni.